Mwaka Mmoja Ugenini: Shauri kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na kwa Wazazi Wake



Kila mwaka twaletewa swali moja na watu wengi, wazee kwa vijana. Swali lenyewe ni hili: Mwana wetu yuko Chuo Kikuu, naye amesikia ya kuwa aweza kukaa mwaka mmoja katika chuo cha Ulaya, kisha arudi amalize masomo yake hapa. Je, ni jambo jema? Na likiwa jema, tulianzeje? Tumeona si vema kumjibu kila mtu peke yake, bali afadhali tuliweke jambo lenyewe hapa, tulichunguze pamoja kama tufanyavyo katika somo lolote. Tutatwaa nchi moja tu, yaani Ujerumani, kwani sharika zetu zina mazoea nayo ya siku nyingi. Na mtu akijifunza vema habari za nchi moja, ataweza kuuliza maswali yafaayo juu ya nchi nyingine.

Swali la kwanza twalijibu upesi. Ndiyo, ni jambo jema, ila si kwa kila mtu wala si kwa kila mwaka. Aliye na mtihani wa kurudia asiende. Anayemkimbia mwalimu au mchumba asiende. Haya hayahitaji maneno mengi. Maneno mengi yahitajika kwa yule afaaye kwenda, kwa maana huyo ndiye aponzwaye na haraka yake.

Tangu zamani watu wa pwani yetu wamekwenda Ujerumani kwa kazi ya elimu. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Habari alizoziandika juu ya desturi za Waswahili zilichapishwa mwaka 1903 katika kitabu alichokitengeneza Carl Velten. Akaoa huko, na mwaka 1905 alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya koloni ilikataa wasikae nchini pamoja. Basi akarudi Ujerumani, akafa huko Berlin mwaka 1927. Amri ile ilikuwa ya udhalimu, na sheria za siku hizi ni nyingine kabisa. Lakini habari zake zatukumbusha neno moja ambalo wengi hulisahau: watu huifikiri sana njia ya kwenda, wala hawaifikiri njia ya kurudi.

Tutoe mfano wa karibu zaidi. Kijana mmoja wa usharika wa mlimani, ambaye ametuomba tusilitaje jina lake, alichaguliwa kwenda kusoma mihula miwili. Baba yake aliweka rehani mavuno mawili ya kahawa ya kihamba chake, na usharika ukachanga nauli. Kijana alisoma kwa bidii, akafaulu kila mtihani. Aliporudi alikwenda kwa mkuu wa idara yake na hati ya matokeo mkononi, akitumaini kuanza mwaka wa mwisho. Mkuu akaisoma, akasema: Masomo haya ni mazuri, lakini si yetu. Kati ya masomo manane, mawili tu yalikubaliwa. Kijana akaurudia mwaka wa tatu mzima, na ada ya mwaka ule haikuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Baba akauza ng'ombe wawili. Kijana huyu hakuwa mvivu, wala hakuwa mlevi. Kabla ya kuondoka aliuliza kama masomo yake yatahesabiwa, akaambiwa kwa mdomo, bila shaka yatahesabiwa. Na yule aliyemwambia alikuwa amehamishwa zamani aliporudi.

Kwa hiyo twaanza na karatasi hii, kabla ya viza na kabla ya koti la baridi. Yaitwa mapatano ya masomo. Ndani yake huandikwa kila somo atakalosoma mwanafunzi huko, na mbele ya kila somo huandikwa somo la chuo chake ambalo litachukuliwa kuwa limekwisha kusomwa. Hutiwa sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya chuo kinachompeleka, na ya chuo kinachompokea. Pasipo sahihi ya chuo kinachompeleka, karatasi hiyo ni habari tu. Na jina la somo halitoshi, kwa kuwa majina hudanganya. Somo liitwalo Uchumi wa Maendeleo katika chuo kimoja laweza kuwa hesabu tupu, na katika kingine likawa historia. Mwanafunzi atafute maelezo ya somo zima, yaani mambo yafundishwayo, vitabu visomwavyo, saa za kufundishwa na namna ya mtihani, ayapige chapa, ampelekee mwalimu wake ayasome kwa macho yake.

Tena akumbuke ya kuwa karatasi hii hubadilika. Akifika huko atakuta somo moja limefutwa, na jingine lafundishwa saa ileile na la tatu. Hapo wengi huchagua somo jingine lolote wapate kuijaza nafasi, nao ndio wanaorudi wakalia. Yampasa kuandika badiliko hilo katika majuma ya kwanza, alipeleke nyumbani, angoje sahihi mpya. Akikawia mpaka mtihani umepita, hana wa kumlaumu.

Liko na jambo la hesabu ambalo limewatatiza hata wakubwa wa ofisi. Vyuo vya Ulaya huhesabu masomo kwa krediti, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 60. Kila krediti moja ni kazi ya saa 25 mpaka 30, pamoja na kusoma peke yako. Hapa Tanzania Tume ya Vyuo Vikuu imeweka krediti moja kuwa saa 10 za kazi, na mwaka mzima ni krediti 120. Basi mwanafunzi arudiye na krediti 60 za Ulaya amesoma mwaka mzima, wala si nusu yake. Lakini karani asiyejua ataona 60 mahali alipotazamia 120, naye atasema kazi haikutimia. Ni vema hesabu hii iandikwe chini ya mapatano tangu mwanzo, kabla sahihi hazijatiwa.

Na alama nazo zimepinduka. Kwetu aliye na wastani wa 5.0 ndiye mtu wa kwanza, naye aliye na 2.0 amepona kwa shida. Kwa Wajerumani 1.0 ndiyo alama iliyo juu kuliko zote, 4.0 ni ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kushindwa. Twajua mzee mmoja aliyepokea habari ya kuwa mwanawe amepata 1.3, akakaa kimya siku nzima asile chakula. Vyuo vya Ujerumani vina kanuni ya kugeuza alama za kigeni, nayo ni rahisi. Twaa alama kubwa ya chuo chako, uondoe alama yako; gawanya kwa tofauti ya alama kubwa na ile ndogo ya kufaulu; zidisha kwa tatu, uongeze moja. Aliye na 3.8 kwetu, atoe 3.8 katika 5.0, zabaki 1.2, agawanye kwa 3, yaani 5.0 kasoro 2.0, apate 0.4; azidishe kwa tatu, 1.2, aongeze moja, 2.2. Hiyo ndiyo alama yake machoni pa Mjerumani, nayo ni nzuri. Alama za huko zigeuzwe vipi zirudipo huku, hilo ni la chuo chetu kulisema, na ni la kuulizwa kwa maandishi katika barua ileile ya mapatano.

Sasa twende kwenye majira. Mwaka wa masomo wa Ujerumani una mihula miwili. Wa baridi ni Oktoba mpaka Machi, wa kiangazi ni Aprili mpaka Septemba. Lakini kufundishwa huanza katikati ya Oktoba na kukoma Februari, kisha huanza tena Aprili mpaka Julai. Miezi iliyo katikati si likizo kwa mtu mwenye bidii, kwa kuwa ndipo insha kubwa ziandikwapo na mitihani mingine hufanywa. Atakaye kwenda muhula mmoja tu wa baridi, yafaa aipime kalenda ya chuo chake vizuri, maana mara nyingi atarudi akute muhula wa pili umeanza bila yeye. Kwa sababu hiyo mwaka mzima, ingawa ni gharama zaidi, huingia katika kalenda yetu vizuri zaidi kuliko nusu.

Aanze lini basi? Sisi twasema mwaka mmoja na nusu kabla ya safari. Watu hutucheka tukisema hivyo. Lakini fikirini: maombi mengi ya muhula wa baridi hufungwa katikati ya Julai, na wale wapelekwao kwa mapatano ya vyuo viwili majina yao hutakiwa mapema zaidi. Maombi ya ufadhili huwa yamefungwa miezi mingi nyuma ya hapo. Na lugha yataka wakati kuliko vyote.

Juu ya ufadhili twataja miwili, kwa kuwa ndiyo iulizwayo. Ule wa kwanza ni wa DAAD, shirika la Wajerumani la kubadilishana wanafunzi na walimu, lililoanzishwa mwaka 1925 mjini Heidelberg. Lina ofisi Nairobi inayohudumia nchi zetu. Wa pili ni Erasmus, uliotwaa jina la Erasmus wa Rotterdam, mwanachuoni aliyesoma Paris, akapata udaktari Turin mwaka 1506, akafundisha Cambridge, akafa Basel. Mpango huo ulianza mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 wa nchi 11 za Ulaya, na siku hizi wapokea na wanafunzi wa Afrika ambao vyuo vyao vimefanya mapatano na chuo cha Ulaya. Neno la kushika ni hilo la mwisho. Mwanafunzi asianze kwa kutafuta fedha katika dunia nzima. Aende kwanza katika ofisi ya mambo ya nje ya chuo chake mwenyewe, aulize: Tuna mapatano na chuo gani, na katika idara gani? Mara nyingi mlango umo ndani ya nyumba. Naye aendaye kwa mapatano ya vyuo, kwa kawaida halipi ada ya kufundishwa huko. Ajiendeaye mwenyewe aangalie mkoa: vyuo vingi vya serikali havitozi ada hiyo, lakini mkoa wa Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza wageni wengi watokao nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Lakini kila mwanafunzi, awe nani, hulipa mchango wa muhula, na katika vyuo vingi mchango huo huwa pamoja na tikiti ya gari moshi na basi.

Asiye na ufadhili hana budi kuonyesha fedha zake kabla hajapewa viza. Tangu Septemba 2024 kiasi kilichowekwa ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Kwa bei ya fedha ya mwaka 2025 hizo ni yapata shilingi milioni 30 au zaidi. Fedha hizi huwekwa katika akaunti iliyofungwa: ni mali ya mwanafunzi, lakini hawezi kuzitoa zote pamoja, akifika hupewa sehemu yake ya kila mwezi tu. Wazazi, tafadhali lielewe vema jambo hili. Fedha hizo si ada, wala serikali ya Ujerumani haizili. Ni chakula na nyumba ya mwana wenu. Basi mtu asikope kwa ndugu akisema, Nitawarudishia zote viza ikitoka. Viza ikitoka ndipo zinapoanza kuliwa.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo si la kupendeza. Sharika zetu ni hodari wa kuchanga, na harambee ya kumsafirisha kijana hufurahisha watu wote. Lakini mara nyingi twachanga nauli, twaimba, twapiga picha, kisha twamwacha na mwezi wa tatu. Nauli ndiyo gharama iliyo ndogo. Afadhali usharika ambao hauwezi kulipa zaidi ya nauli ungoje mwaka mmoja, uchange pole pole, kuliko kumpeleka mtu akakae na njaa kwa sifa yetu.

Vijana hutujibu: Nitafanya kazi huko. Ni kweli, sheria yaruhusu. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni aweza kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280; zamani zilikuwa 120 na 240. Na mshahara wa chini uliowekwa na sheria ulikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025. Kijana akizidisha tarakimu hizi huona utajiri. Basi na azidishe tarakimu zote. Nusu siku 280 za saa nne nne ni saa 1,120. Krediti 60 za masomo ni saa 1,500 mpaka 1,800. Jumla ni saa 2,620 kwa uchache, na 2,920 kwa wingi. Gawanya kwa majuma 52: ni saa 50 mpaka 56 kila juma, mwaka mzima, bila juma moja la kupumzika wala siku moja ya homa, na katika lugha ya watu. Wako waliofanya hivyo. Hatujamwona aliyefanya hivyo na alama zake zikawa njema. Saa nane au kumi kwa juma, katika maktaba au jikoni kwa wanafunzi, zatosha kumpa fedha za mboga na za kupiga simu nyumbani, tena humfundisha lugha upesi. Lakini asizihesabu kabla hajazipata, maana miezi ya kwanza, asipojua Kijerumani, huenda asipate kazi kabisa.

Tumefika kwenye lugha. Masomo mengine hufundishwa kwa Kiingereza, na katika mapatano ya vyuo mwanafunzi aweza kuambiwa ya kuwa Kiingereza kinatosha. Chatosha darasani. Hakitoshi kwa mwenye nyumba, wala kwa karani wa manispaa, wala kwa daktari usiku. Lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita, tangu A1 mpaka C2. Kufika B1, ngazi ya kujitegemea, Goethe-Institut wenyewe huhesabu vipindi 350 mpaka 650 vya dakika 45. Anayesoma vipindi kumi kwa juma atahitaji miezi minane kwa uchache. Ndiyo maana tulisema mwaka na nusu. Goethe-Institut wako Dar es Salaam, na mitihani hufanywa huko. Wanafunzi hulalamika ya kuwa Kijerumani kina jinsia tatu za majina. Twashangaa kidogo! Mtu aliyenyonya ngeli za Kiswahili na maziwa ya mama yake, asemaye kiti kile kimevunjika na miti ile imeanguka asikosee, aogope jinsia tatu?

Viza ya kukaa zaidi ya siku 90 huombwa katika ubalozi Dar es Salaam. Ada yake ni euro 75. Siku ya kuonana na ofisa hupatikana kwa shida, na barua nyingine hupelekwa mpaka mji aendako mwanafunzi, kwa hiyo majuma mengi hupita. Pasipoti iwe na maisha marefu kuliko safari. Bima ya afya ni ya lazima. Aliye chini ya miaka 30 kwa kawaida huingia katika bima ya wanafunzi, nayo huzidi euro 100 kwa mwezi. Aliye na mkopo wa Bodi ya Mikopo aiulize Bodi kwa maandishi mkopo wake utakuwaje mwaka huo asipokuwapo darasani.

Nyumba aitafute siku ileile apatapo barua ya kupokewa, asingoje viza. Mabweni ya wanafunzi ni ya bei nafuu kuliko nyumba za mjini, lakini orodha ya wangojeao ni ndefu. Tena asimpelekee mtu yeyote fedha za chumba ambacho hakuna aliyekiona. Wezi wa namna hii huandika barua tamu: mwenye nyumba yuko safarini, ufunguo utaletwa kwa posta, tuma kwanza rehani. Hakuna ufunguo.

Akifika, ana majuma mawili tangu kuingia nyumbani kwenda kujiandikisha katika ofisi ya mji. Wajerumani huliita jambo hili Anmeldung, nalo ni mama wa mambo yote: ofisi nyingi zitamwuliza karatasi ile. Lazima achukue barua ya mwenye nyumba yenye kushuhudia ya kuwa amehamia kwake. Kisha, kabla viza haijaisha, aombe kibali cha kukaa katika ofisi ya wageni. Na kwa kuwa ofisi hiyo mara nyingi imejaa watu, aiombe siku ya kuonana mara tu afikapo. Iko tena ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba tangu mwaka 2021, hata kama hakuna televisheni. Wengi hudhani barua yake ni ya wezi, wakaitupa. Lakini deni lakua.

Chuoni atakuta uhuru wa kutisha. Katika mihadhara mingi hakuna amwitaye mtu jina wala kumwuliza jana alikuwa wapi. Lakini kuna mtego mmoja: kusoma somo si kujiandikisha kwa mtihani wake. Katika vyuo vingi mtihani una orodha yake na siku yake ya mwisho. Asiyeandika jina, ajapokuwa amehudhuria kila kipindi, hatafanya. Na saa nazo azijue. Saa ikiandikwa pamoja na herufi c.t., somo laanza robo saa baadaye, ikiandikwa s.t., laanza papo hapo. Mwenye kufika saa nne na robo siku ya s.t. atafungua mlango mbele ya macho mia mbili.

Na saa zetu za Kiswahili, azifungie sandukuni. Sisi twahesabu tangu jua lichomozapo, kwa kuwa jua letu ni mwaminifu. Berlin katika Desemba jua huchomoza saa mbili na robo ya asubuhi, nalo limekwisha kutua kabla ya saa kumi ya mchana. Katika Juni hutua saa tatu na nusu ya usiku. Wazazi nao wajue: wakati wa baridi Ujerumani iko nyuma yetu saa mbili, na wakati wa kiangazi saa moja.

Giza hili si jambo la kuchekesha. Vijana wengi hutuambia ya kuwa baridi waliitazamia, lakini giza hawakulitazamia. Mwezi wa Novemba mtu aingia darasani gizani na kutoka gizani. Chumba ni kimoja, jirani hasemi hodi. Ndipo wengine huacha kula vizuri, huacha kutoka, huacha kupokea simu za nyumbani wasije wakasikika sauti zao. Mzazi akiona simu hazipokelewi majuma mawili, asikasirike kwanza. Aulize. Vyuo vina watu wa kushauri wanafunzi bila malipo, na hakuna aibu kwenda kwao. Kijana naye achague tangu juma la kwanza mahali pamoja pa kwenda kila juma, iwe kwaya, au mpira, au jiko la bweni siku ya Ijumaa, aende hata siku asiyotaka. Koti asilinunue hapa. Huko kuna maduka ya mitumba, na koti la huko limeshonwa na watu waijuao baridi. Kutoka nyumbani achukue unga kidogo na picha.

Na wakati wa kurudi uanze kutengenezwa miezi mitatu kabla. Insha ya mwisho yaweza kusahihishwa baada ya yeye kuondoka, na hati ya matokeo ikatoka miezi miwili nyuma yake. Basi kabla hajaondoka aende mwenyewe katika ofisi ya mitihani, aulize ni masomo gani bado hayajaandikwa alama, hati itapelekwa wapi, na nani atakayeipokea katika chuo chake, kwa jina na kwa anwani. Achukue pia barua ya chuo yenye tarehe za kufika na kuondoka. Aandike bima kwamba anaondoka, afunge akaunti, adai rehani ya chumba kwa maandishi, aende tena katika ofisi ya mji kujiondoa katika orodha, na karatasi ya kujiondoa aipeleke kwa watu wa ada ya redio, la sivyo wataendelea kumdai euro 18.36 zao kila mwezi katika nyumba ambayo sasa alala mtu mwingine. Huyo mwingine, kama ni mtu wa kwetu, amwachie sufuria na blanketi.